Ngozi ya Alumini: Kuivika Modeli ya Ndege Metali Halisi

Ndege aina ya Douglas DC-3, iliyoruka kwa mara ya kwanza huko Santa Monica, California, tarehe 17 Desemba 1935, haikuhitaji rangi ili ipendeze. Mashirika mengi yaliirusha ikiwa na ngozi yake tupu ya alumini, pengine na mstari wa rangi ubavuni na jina la shirika juu ya madirisha, basi. Watu wa Afrika ya Mashariki waliizoea kwa jina la Dakota. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, liliitumia kwa safari za kuunganisha miji ya eneo hili, na aliyesimama uwanjani wakati jua la asubuhi likiipiga ubavuni alilazimika kukinga macho.

Mtu anayeunda modeli ya ndege kama hiyo kwa plastiki hukabiliwa na swali gumu: alumini itaonyeshwaje kwa kitu ambacho si alumini? Jibu la kawaida ni rangi ya fedha. Jibu la pili, ambalo ndilo mada ya makala haya, ni kuiacha rangi na kuivika modeli alumini yenyewe, yaani karatasi nyembamba ya metali, au foili, ya namna ile itumikayo jikoni kufungia vyakula. Kazi hii ni ya mikono, lakini ndani yake mna fizikia, kemia na jiometri ya kutosha vipindi kadhaa vya darasani. Tena, anayeifanya kwa uangalifu hugundua jambo ambalo halimo katika maelezo yanayouzwa pamoja na modeli: hana budi kuikata foili yake palepale ambapo mafundi wa ndege halisi walikata mabati yao, na kwa sababu ileile.

Kasoro ya rangi ya fedha

Rangi iitwayo ya fedha haina fedha ndani yake. Ni alumini iliyosagwa ikawa magamba madogo bapa, kisha ikachanganywa na vanishi inayoyashika magamba hayo baada ya kukauka. Kila gamba ni kioo kidogo. Lakini magamba hayo hayalali yote kwa ulalo mmoja. Moja limeinama huku, jingine kule, na juu yake pana tabaka la vanishi. Mwanga unaoangukia hapo hutawanywa pande nyingi, na jicho huona weupe wa kijivu wenye chembechembe badala ya mng'aro.

Chembechembe hizo ndizo zinazoisaliti modeli. Magamba ya rangi huwa na upana wa maikroni chache hadi makumi kadhaa ya maikroni, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Lichukuliwe gamba la maikroni 20. Katika modeli ya skeli ya 1:72, gamba hilo ni sawa na kitu chenye upana wa 20 × 72, yaani maikroni 1,440, karibu milimita moja na nusu, katika ndege halisi. Ndege yenyewe ingepakwa magamba ya ukubwa huo ingeonekana kama iliyonyunyiziwa mchanga. Fundi anaweza kutafuta rangi iliyosagwa laini zaidi, na zipo zilizo nzuri sana, lakini hawezi kuikwepa kabisa hesabu hii.

Foili haina chembe. Ni uso mmoja wa metali usiokatika. Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kwamba katika metali elektroni za nje hazifungwi na atomi moja, bali huenda huku na huku kwa uhuru. Mwanga unapoufikia uso wa metali, elektroni hizo hutikiswa, nazo kwa kutikisika kwake huurudisha mwanga ulikotoka. Alumini safi na nyororo huakisi takriban sehemu tisa katika kumi za mwanga uonekanao, na huakisi rangi zote karibu sawasawa. Ndiyo maana haina wekundu wa shaba wala umanjano wa dhahabu. Ni kweli kwamba uso wake, mara tu unapokutana na hewa, hufunikwa na oksidi, lakini tabaka hilo lina unene wa sehemu chache tu za milioni ya milimita, nalo hupitisha mwanga kama kioo cha dirisha. Hulinda metali bila kuificha.

Unene na asili ya ngozi

Foili ya jikoni hutofautiana kwa unene, lakini maikroni 16 ni kipimo cha kawaida. Mwalimu asiyekuwa na maikromita anaweza kuwaachia wanafunzi waupate unene huo kwa mizani. Kipande cha sentimita 30 kwa 30 kina eneo la sentimita mraba 900. Uzani mahususi wa alumini ni gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo. Ikiwa kipande hicho kina uzito wa gramu 3.9, basi ujazo wake ni karibu sentimita za ujazo 1.44, na unene ni 1.44 ikigawanywa kwa 900, yaani sentimita 0.0016. Hizo ndizo maikroni 16.

Unene huo ukizidishwa kwa 72 unakuwa milimita 1.15, ukizidishwa kwa 48, ambayo ni skeli nyingine ipendwayo na waundaji wa modeli, unakuwa milimita 0.77. Sasa, mabati yaliyofunika sehemu kubwa ya ndege za zama za DC-3 yalikuwa na unene wa kati ya nusu milimita na milimita moja na nusu. Kwa hiyo foili ya jikoni, bila ya mtu yeyote kuikusudia kwa kazi hiyo, ina unene uliopunguzwa kwa uwiano uleule na ndege yenyewe. Ukingo wa kipande kimoja ukipanda kidogo juu ya kingine, kidato kinachoonekana ni kile kinachostahili kuonekana.

Lipo na jambo la pili, la kemia. Alumini safi ni laini mno kuundia ndege. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm aligundua kwamba aloi ya alumini yenye shaba kiasi cha sehemu nne kwa mia na magnesi kidogo, ikipashwa moto na kuzamishwa ghafla majini, huendelea kuwa ngumu yenyewe kwa siku kadhaa baadaye. Aloi hiyo, duralumini, ndiyo iliyowezesha ndege za metali kuwa nyepesi na imara kwa pamoja. Lakini shaba ile iliyoipa nguvu iliipa na udhaifu: duralumini huliwa na kutu yake haraka, hasa penye hewa ya chumvi. Dawa iliyopatikana huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa kulivika bati la duralumini tabaka la alumini karibu safi, kila upande, na kuvipitisha vyote pamoja katika rola za moto hadi viwe kitu kimoja. Bati la namna hiyo huitwa Alclad. Katika mabati mengi ya ndege kila tabaka la juu huchukua kama sehemu tano kwa mia za unene wote. Katika bati la milimita moja, hizo ni maikroni 50, sawa na karatasi tatu za foili ya jikoni zikipangwa pamoja.

Maana yake ni kwamba jicho lililoitazama Dakota halikuiona duralumini hata kidogo. Liliona alumini iliyo karibu safi, na foili nayo ni alumini iliyo karibu safi.

Kofia, mpira na pua ya ndege

Ugumu wote wa kazi hii umo katika jiometri. Karatasi iliyo bapa hukubali kuviringishwa ikawa bomba au pia bila kukunjamana, kwa kuwa bomba na pia zimepinda upande mmoja tu. Upande wa pili mstari ulionyooka bado unalala juu yake. Lakini karatasi hiyohiyo haikubali kulifunika tufe, ambalo limepinda pande zote mbili. Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alilithibitisha jambo hili mwaka 1827: uso uliopinda pande mbili hauwezi kunyooshwa ukawa bapa bila kunyumbuliwa au kuchanwa, na kinyume chake ni hivyohivyo. Aliyewahi kulibandika ganda la chungwa mezani anaujua ukweli huu bila ya hisabati. Mshonaji wa kofia anaujua pia: hushona mshipi unaozunguka kichwa, ambao ni bomba fupi, kisha hutia kipande cha duara juu, ambacho ni bapa, na hivyo humvika mtu kichwa kilicho mviringo kwa vitambaa viwili ambavyo hakuna hata kimoja kilicho mviringo. Mpira wa miguu wa mtindo wa zamani nao ulishonwa kwa vipande 32, yaani 12 vya pembe tano na 20 vya pembe sita.

Ukubwa wa tatizo unaweza kupimwa. Iwapo pua ya modeli ni nusu tufe yenye nusu kipenyo r, umbali wa kutoka ncha hadi ukingoni, ukipimwa juu ya uso wenyewe, ni 1.57r. Duara la foili lenye nusu kipenyo hicho lina mzingo wa 9.87r, ilhali ukingo unaotakiwa kuzungukwa una 6.28r tu. Zaidi ya theluthi moja ya mzingo wa foili haina mahali pa kwenda ila kwenye makunyanzi. Lakini kwa kofia ndogo ya tufe hilohilo, inayoishia kwenye pembe ya nyuzi 20 kutoka ncha, ziada hiyo ni sehemu mbili tu kwa mia. Kiasi hicho foili laini inaweza kukimeza kwa kusuguliwa na kunyooshwa. Kwa hiyo siri ya kuvika uso uliopinda pande mbili ni vipande vidogo. Wala haidhuru vikiwa vingi.

Sasa itazamwe ndege halisi. Kiwiliwili cha Dakota, kuanzia nyuma ya chumba cha rubani, ni kama bomba linalopungua kidogo kidogo kuelekea mkiani. Humo mabati ni makubwa. Bawa nalo limepinda upande mmoja zaidi, na mabati yake ni mapana. Puani, penye vifuniko vya injini, na pale bawa linapoungana na kiwiliwili, ndipo penye mabati madogo mengi. Kiwandani, bati la mahali palipopinda pande mbili lilipaswa kupigwa kwa nyundo kubwa juu ya kalibu au kuvutwa kwa mashine hadi lichukue umbo, na kila bati lilikuwa na kiasi chake cha kuvumilia. Mistari iliyochongwa juu ya modeli ya plastiki, ambayo mtoto huidhania kuwa ni mapambo, ndiyo kumbukumbu ya uvumilivu huo. Fundi wa foili anayejaribu kuvuka mstari ili apunguze kazi huadhibiwa kwa kunyanzi, na mara nyingi kunyanzi hilo hutokea karibu na mahali ambapo kiwanda kiliweka ribiti.

Kutayarisha na kubandika

Foili haifichi kitu. Rangi nzito hujaza mikwaruzo, foili huitangaza. Sababu yake imo katika kanuni ya uakisi: uso ukiinama kwa nyuzi moja, mwale unaorudi hugeuka kwa nyuzi mbili. Punje ya vumbi iliyonaswa chini ya foili hufanya kilima kidogo ambacho kidole hakikigundui, lakini mwanga hukigundua mara moja. Kwa sababu hii plastiki yapasa isuguliwe kwa msasa laini wenye maji, viungo vyote vizibwe na kusawazishwa, kisha modeli ioshwe kwa sabuni na kukaushwa mahali pasipo vumbi. Muda utumikao hapa ni mrefu kuliko wa kubandika kwenyewe, na wanafunzi wanaouruka hujuta.

Foili inayofaa ni ile laini. Baada ya kupitishwa kwenye rola mara nyingi, alumini huwa ngumu na yenye kuvunjika, kwa kuwa fuwele zake zimebanwa na kuvurugwa. Kiwandani huwekwa tanuruni, fuwele zikajipanga upya na metali ikalainika. Mafuta ya rola nayo huondoka kwa joto hilo. Katika mpito wa mwisho karatasi mbili hupitishwa pamoja, moja juu ya nyingine. Upande unaogusa rola iliyong'arishwa hutoka uking'aa, na upande unaogusa karatasi ya pili hutoka umefifia. Kwa kawaida gundi hupakwa upande uliofifia, lakini hakuna sheria inayomzuia fundi kuugeuza pale anapotaka bati lililochakaa.

Uchaguzi wa gundi unahitaji kufikiriwa. Gundi nyeupe ya seremala hufaa kwa karatasi na mbao kwa sababu maji yake hupata njia ya kutokea. Metali na plastiki hazipitishi maji. Gundi hiyo ikibanwa kati yake ikiwa mbichi haitakauka ila pembezoni, na ikiachwa ikauke kwanza huwa ngumu na kupoteza mnato. Gundi ya viatu ina majimaji yanayoyeyusha plastiki ya modeli, tena huacha mabonge. Inayotakiwa ni ile inayobaki ikinata hata baada ya majimaji yake kuisha, kama ile ya wapambaji wanaobandika majani ya dhahabu kwenye mbao za majina na majalada ya vitabu. Hupakwa nyembamba juu ya foili kwa brashi pana laini, huachwa hadi iwe angavu na ya kunata, ndipo foili hubandikwa. Zipo pia karatasi za metali zilizotiwa gundi tangu kiwandani. Ile ya Bare-Metal Foil ya Marekani inajulikana sana kwa waundaji wa modeli. Ni nyembamba na hukubali mpindo vizuri, ila bei yake si ya jikoni.

Kipande hukatwa kikiwa kikubwa kidogo kuliko bati linalokusudiwa. Hushikwa kwa kibano, kikatuliwa katikati ya eneo lake, kisha kikasuguliwa kutoka katikati kwenda kingoni kwa kijiti chenye pamba, polepole, ili hewa ipate kutoka. Makunyanzi madogo hulazwa kwa kijiti laini cha mbao. Makubwa hayalaziki, na kipande hicho hakina budi kung'olewa. Baada ya foili kushika, ncha ya kijiti hupitishwa juu ya mstari uliochongwa hadi mstari uonekane, kisha wembe mpya hupitishwa ndani yake, ukiwa umelazwa, na ziada huondolewa. Neno mpya halikuwekwa hapa kwa mapambo. Wembe uliokata vipande kumi haukati tena, bali huivuta foili na kuichana, na tofauti hiyo haionekani kwa jicho mpaka uharibifu umekwisha kutokea.

Yafaa kuanzia chini ya bawa. Ni mahali papana, papindapo upande mmoja, na makosa ya mwanzoni hayatazamwi na watu. Pua na vifuniko vya injini viachwe hadi mkono uzoee. Huko bati moja lililopinda sana laweza kuhitaji kugawanywa katika vipande vyembamba vyenye ncha mbili, kama wafanyavyo watengenezaji wa tufe za ramani ya dunia, na viungio vyake kusuguliwa hadi vififie.

Mabati hayafanani

Modeli iliyovikwa foili ya namna moja yote huonekana kama bati la samaki. Ndege halisi ilikuwa na viraka: bati moja jeupe, la pili lenye kivuli, la tatu la buluu kidogo kwa kuakisi anga. Tofauti nyingi za namna hiyo zatokana na mwelekeo wa rola. Rola huacha michirizi midogo isiyohesabika, yote ikielekea upande mmoja, na mwanga huakisiwa kwa namna tofauti ukikutana na michirizi hiyo kwa kuikata au kwa kuifuata. Fundi cherehani anaijua habari hii kwa mahameli: akikata kipande kimoja kwa urefu na kingine kwa upana, nguo itaonekana ya rangi mbili ingawa jora ni moja. Fundi wa modeli afanye makusudi kile ambacho fundi cherehani hukikwepa. Akikata bati moja kwa kufuata michirizi na jirani yake kwa kuikata, atapata vivuli viwili kutoka karatasi moja; kwa kuligeuza la tatu nusu pembe mraba atapata kivuli cha tatu.

Kwa mabati yaliyokaa juani na mvuani miaka mingi, jiko hutoa msaada mwingine. Kila nyumba yenye sufuria ya alumini imeona ndani yake pakigeuka weusi wa kijivu baada ya kuchemshiwa maji au mayai mara nyingi. Maji ya moto huungana na alumini, na ile oksidi nyembamba hunenepa ikawa tabaka lenye maji ndani yake, huku madini yaliyomo majini yakilitia kivuli. Kipande cha foili kikichemshwa dakika kadhaa hupata ufifio wa namna hiyo. Darasa linaweza kuchemsha vipande vinne katika maji ya mvua, maji ya bomba, maji ya kisima na maji yaliyochemshia mayai, na kuvilinganisha. Kipande kilichofifia kikichemshwa tena katika maji yenye ndimu hurudisha sehemu ya weupe wake, kwa kuwa asidi huliyeyusha tabaka hilo. Ndiyo sababu sufuria iliyopikiwa nyanya hutoka jikoni ikiwa safi kuliko ilivyoingia. Yasitumiwe magadi makali ya kusafishia mifereji: huishambulia metali yenyewe na kutoa haidrojeni, na ni hatari kwa macho na ngozi.

Mahali ambapo foili ni uongo

Hapa ndipo kazi inapohitaji kusoma na si ustadi wa vidole tu. Mwishoni mwa mwaka 1943 jeshi la anga la Marekani liliamua kuacha kuzipaka ndege zake nyingi rangi ya kuzificha, na kuanzia mwaka 1944 ndege za kivita aina ya North American P-51 Mustang zilitoka kiwandani zikimeremeta. Mtu huziona picha zake na kuivika modeli nzima foili, bawa na kiwiliwili. Amekosea. Bawa la Mustang lilisanifiwa ili hewa ipite juu yake kwa matabaka yaliyotulia kadiri iwezekanavyo, na ribiti moja iliyojitokeza yaweza kuvuruga utulivu huo. Kwa hiyo kiwandani viungio na ribiti za sehemu ya mbele ya bawa vilizibwa na kusuguliwa, kisha bawa likapakwa rangi ya alumini. Kiwiliwili kilikuwa metali tupu. Bawa lilikuwa rangi ya fedha. Modeli iliyo sahihi yataka foili huku na rangi kule, na tofauti kati yake ionekane. Ndege za namna hiyo zilizofufuliwa na kurushwa katika maonyesho ya miaka ya karibuni hazifai sikuzote kuwa mwongozo, kwa maana wenyewe wengi huzisugua mabawa hadi yang'ae, jambo ambalo jeshi halikulifanya.

Dakota nayo ina mtego wake. Usukani wa mkia, visukani vya mabawa na vile vya kupandisha na kuteremsha pua havikufunikwa kwa bati bali kwa kitambaa, ili viwe vyepesi. Kitambaa hicho kilipakwa dawa ya kukikaza, iliyochanganywa na unga wa alumini ili miale ya jua isikiozeshe. Sehemu hizo zapakwa rangi, tena isiyong'aa. Modeli yenye foili hadi kwenye usukani inamwambia mtazamaji mwenye ujuzi kwamba muundaji hakuuliza ngozi hiyo iliundwa kwa kitu gani.

Kazi ikikamilika, nembo na maandishi ya kubandika kwa maji hukaa vizuri juu ya foili bila matayarisho. Vanishi isipakwe, kwa kuwa huirudishia modeli ule utando ambao kazi yote ilikusudia kuuondoa. Modeli ishikwe kwa kitambaa safi cha pamba, maana jasho lina chumvi, na chumvi huivunja oksidi na kuacha madoa yasiyofutika. Gundi iliyovuja kingoni hufutwa kwa spiriti kidogo. Petroli na tina hazifai, kwa kuwa huyeyusha plastiki iliyo chini. Na kipande kimoja kikichubuka baada ya miezi au miaka, hakuna haja ya kuirudia ndege yote kama ambavyo ingelazimu kwa rangi. Wembe hupitishwa tena katika mistari minne inayokizunguka, kipande kikavuliwa, gundi ya zamani ikafutwa, na kipya kikakatwa kwa kuangalia mwelekeo wa michirizi ya kile kilichotoka. Katika karakana ya ndege fundi hufanya vivyo hivyo kwa bati lililobonyea, ila yeye huanza kwa kutoboa ribiti.